Kombe la Vijana wa Kanada na Wale Ambao Hawapo Uwanjani

Mwezi Aprili 2002, katika mji mdogo wa Bathurst, jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada, kijana wa miaka 14 alicheza mechi saba za hoki ya barafuni dhidi ya wavulana waliomzidi umri kwa miaka miwili, hata mitatu. Alifunga mabao 11, akatoa pasi za mabao 13, na mashindano yalipomalizika akapewa tuzo ya mchezaji bora. Kombe hakulipata. Lilikwenda kwa Tisdale Trojans, timu ya mji wa wakulima huko Saskatchewan, mji wa watu kama elfu tatu unaojulikana zaidi kwa asali na kwa sanamu yake kubwa ya nyuki.

Kijana huyo ni Sidney Crosby. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa taifa wa vijana chini ya miaka 18, ila taifa lenyewe lilikuwa la jirani: alikuwa amehamia shule ya bweni ya Shattuck-St. Mary's, jimbo la Minnesota, na timu ya shule hiyo ikawa bingwa wa Marekani wa 2003. Mwaka huohuo alirudi Kanada akasajiliwa na Rimouski Océanic ya Quebec, ngazi ya juu zaidi, na lile kombe la Bathurst hakuligombea tena.

Nimeanza na yeye kwa sababu kisa chake kinabeba karibu kila kinachowachanganya watu kuhusu mashindano haya. Mtu akisikia "ubingwa wa taifa wa vijana" huwaza kwamba nchi imewakusanya vijana wake bora, wakachuana, akapatikana bora wa bora. Kwa hoki ya Kanada sivyo. Kombe lipo, ni halali, na linagombewa kwa jasho na wakati mwingine kwa meno. Lakini huwezi kulielewa kabla hujajua ni akina nani walikwisha kuondoka siku mashindano yanapoanza.

Jina, umri na herufi

Tuanze na jina, maana peke yake ni vurugu. Mashindano yalianza 1974 yakibeba jina la Wrigley, wale wa jojo. Mwaka 1979 yakawa Kombe la Air Canada, na Crosby aliyakuta yakiitwa hivyo. Tangu 2005 ni Kombe la TELUS, kampuni ya simu. Msomaji aliyeiona ligi kuu ya Tanzania ikivaa jina la kampuni ya simu kisha ikavua na kuvaa la benki hatahitaji maelezo zaidi. Kombe ni lilelile, linasimamiwa na Hockey Canada, chama cha hoki cha taifa, na linashindaniwa na klabu za wavulana chini ya miaka 18.

Sasa "chini ya miaka 18" ina maana gani? Hapa wengi huteleza. Umri hauhesabiwi siku ya mechi, unahesabiwa kwa tarehe 31 Desemba ya msimu husika. Msimu wa hoki huanza vuli na kuisha majira ya kuchipua, kwa hiyo unakatwa katikati na mwaka mpya. Katika msimu wa 2022-23 waliostahili kucheza U18 ni waliozaliwa 2005, 2006 na 2007. Aliyezaliwa Januari 2005 alikuwa na miaka 17 Desemba hiyo, kwa hiyo ni halali, ingawa fainali za Aprili zilimkuta ameshatimiza 18. Anacheza mashindano ya chini ya miaka 18 akiwa na miaka 18, na hakuna aliyedanganya.

Sisi tumezoea habari za vijeba, yule "mwanafunzi" mwenye ndevu anayefunga mabao manne kwenye michezo ya shule. Huko Kanada tatizo la umri lina sura nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ni gumu zaidi kulitibu kwa sababu hakuna wa kumkamata. Mtoto wa tarehe 2 Januari na mtoto wa tarehe 30 Desemba ya mwaka huohuo wanawekwa kundi moja, ingawa wamepishana karibu miezi kumi na miwili. Wakiwa na miaka tisa, miezi hiyo ni urefu, ni nguvu za miguu, ni utulivu wa akili. Kocha akichagua timu humchukua wa Januari, na hapo wa Januari anapata makocha wazuri zaidi, muda mwingi zaidi wa barafu na mechi ngumu zaidi, mpaka ile tofauti iliyokuwa ya miezi tu inakuwa tofauti ya kweli ya uwezo. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Mkanada Roger Barnsley na wenzake waliorodhesha miezi ya kuzaliwa ya wachezaji wa ngazi za juu na kuonyesha kwamba wa miezi ya mwanzo wa mwaka wamejaa kupita kiasi. Crosby, kwa taarifa yako, ni wa Agosti. Kila kanuni ina wakaidi wake.

Zamani makundi haya ya umri yalikuwa na majina badala ya namba. Kundi la U18 liliitwa kwa neno la Kiingereza ambalo pia ni tusi kwa watu wenye maumbile mafupi. Malalamiko yakasikika, na kuanzia msimu wa 2020-21 majina yote ya kale yaliondolewa. Siku hizi ni U7, U9, U11, U13, U15 na U18. Wazee wa huko bado wanayataja ya zamani, kama vile bibi yangu alivyoendelea kuhesabu kwa ratili mpaka mwisho.

Kisha kuna herufi. Ndani ya kila umri timu zimepangwa kwa ngazi: AAA ndiyo ya juu, zinafuata AA na A, na chini kabisa kuna ligi za mtaani ambako kila mtoto anayejiandikisha anapata timu. Kombe la taifa ni la AAA pekee. Mtu akikuambia mwanawe anacheza U18 Kanada, hujaambiwa kitu mpaka utajiwe herufi.

Jambo moja linalonivutia katika ngazi hii ya umri ni kile ambacho hakipo. Chini ya U18 Kanada haina ubingwa wa taifa wa klabu. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuwa bingwa wa jimbo lake, basi. Marekani wao huwa na mashindano ya taifa mpaka kwa walio chini ya miaka 14. Wakanada, watu wanaoishi na kuota mchezo huu, ndio waliojizuia. Wamekwenda hata mbali zaidi: watoto wa U9 hucheza kwenye nusu ya uwanja badala ya uwanja mzima wa mita zipatazo 61, ili kila mmoja aguse kile kisahani cheusi cha mpira kinachopigwa kwa magongo mara nyingi zaidi badala ya kukimbiza wenzake kutoka ukuta hadi ukuta. Na tangu 2013 watoto wa umri wa U13 hawaruhusiwi kuvaana kwa mabega, lile pigo la kumbamiza mwenzio ubaoni ambalo watazamaji wa televisheni hulipenda sana. Sababu ilikuwa majeraha, ya kichwa hasa. Kuvaana kunaanza kuruhusiwa kwenye U15, tena kwenye baadhi ya ngazi tu. Kwa hiyo wavulana wanaofika Kombe la TELUS wamekuwa wakigongana kihalali kwa misimu michache tu, na ukitazama utaona: wapo wanaopiga kwa ustadi, na wapo wanaopiga kama gari lisilo na breki.

Njia ya kufika huko

Zinaingia timu sita. Moja ni mwenyeji, anayepata nafasi yake kwa kuwa mwenyeji tu. Tano ni mabingwa wa kanda: Atlantiki, Quebec, Kati, Magharibi na Pasifiki.

Kanda si majimbo, na hapo ndipo ramani ya nchi inapoingia mchezoni. Majimbo manne ya pwani ya mashariki ni madogo na yamekaribiana, kwa hiyo mabingwa wake hukutana kwenye mashindano ya kanda na mmoja hutoka. Quebec ina ligi yake nzito ya U18, na bingwa wa ligi hiyo huenda moja kwa moja. Upande wa Pasifiki ni bingwa wa Alberta dhidi ya bingwa wa British Columbia, mfululizo wa mechi tatu, anayetangulia kushinda mbili anasonga. Ontario ndiyo yenye utata, kwa sababu jimbo hilo kubwa lina vyama kadhaa vya hoki ndani yake, na bingwa lazima kwanza apenye kati ya miamba ya Toronto na miji inayoizunguka. Kipande chake cha kaskazini-magharibi kimekatwa kabisa: timu ya Thunder Bay, ingawa ni ya Ontario, hucheza kanda ya Magharibi pamoja na Manitoba na Saskatchewan. Ukiitazama ramani utawaelewa. Kutoka Thunder Bay hadi Toronto kwa barabara ni kama kilomita 1,400, kuizunguka Ziwa Superior. Hadi Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, ni nusu ya hiyo.

Timu inayokwenda kucheza ni klabu, si kombaini. Hili nalisisitiza kwa sababu sisi tuliokulia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, tunajua mkoa huwachukua walio bora kutoka shule mbalimbali na kuwavika jezi ya mkoa. Wasweden wana kitu kinachofanana na hicho: tangu 1959 wanayo mashindano yanayoitwa TV-pucken, ambako wilaya huchagua vijana wake na taifa huwatazama kwenye televisheni. Kanada nayo ina mashindano ya kombaini, lakini Kombe la TELUS si hilo. Hapa ni timu ileile iliyokwea basi pamoja majira yote ya baridi, na kipa wao ni yuleyule hata kama jimbo lina kipa bora zaidi kwenye timu iliyotolewa nusu fainali.

Kwenye mashindano yenyewe kila timu hucheza na kila timu, mechi tano kwa kila moja, 15 kwa jumla. Nne za juu huingia nusu fainali, kisha kuna mechi ya shaba na ya dhahabu. Yote hayo ndani ya takriban wiki moja. Hesabu mechi saba za Crosby na utaona zinatoka wapi: tano za awali, nusu fainali na fainali. Kwa mchezo wa vipindi vitatu vya dakika 20, huku mtu akiingia barafuni kwa sekunde 40 au 50 za kasi kisha anatoka kupumua, wiki hiyo humaliza miguu. Ndiyo maana timu yenye safu nne za washambuliaji wa kawaida mara nyingi humshinda mwenye nyota mmoja. Trojans hawakuwa na Crosby.

Kuna kanuni moja ya kutenganisha timu zilizolingana pointi ambayo huwatatiza hata wazazi wa huko, na wapenzi wa soka inaweza kuwashangaza. Sisi tunatoa: mabao ya kufunga ondoa ya kufungwa. Katika mashindano mengi ya vijana ya Kanada, baada ya kuangalia nani alimshinda nani, hugawanya: mabao uliyofunga kwa jumla ya mabao yote yaliyofungwa katika mechi zako, yako na ya wapinzani. Chukua timu iliyofunga 12 na kufungwa 6. Ni 12 kwa 18, yaani 0.667. Nyingine imefunga 24 na kufungwa 14: 24 kwa 38, yaani 0.632. Kwa hesabu yetu ya pili ingepita, kumi dhidi ya sita. Kwa hesabu yao inapita ya kwanza. Kanuni hii inamlipa anayeziba goli lake, na kumpunguzia faida anayemtwanga mnyonge mabao mengi. Kwa mashindano ya watoto naiona ina busara.

Wale ambao hawapo

Sasa turudi kwenye swali la msingi: vijana bora wa miaka 16 na 17 wa Kanada wako wapi Aprili, wenzao wakigombea kombe la taifa?

Wengi wako kwenye ligi tatu kubwa za Kanada, ya magharibi, ya Ontario na ya Quebec na pwani ya mashariki, zinazounganishwa na chombo kiitwacho Canadian Hockey League. Ligi hizi huchukua vijana wa miaka 16 hadi 20. Klabu huwateua kwa mnada wa zamu, iliyofanya vibaya ikianza kuchagua, wakati kijana ana miaka 15 au hata kabla. Akiteuliwa na klabu ya mji ulio mbali kilomita 1,000, anahamia huko, anakaa na familia mwenyeji inayomlea, anasoma shule ya huko na kucheza mechi zaidi ya 60 kwa msimu. Wachache mno huruhusiwa kuingia kabla ya muda: John Tavares alikuwa wa kwanza kupewa hadhi hiyo ya kipekee, 2005, kisha baadaye Connor McDavid, 2012, na Connor Bedard, 2020. Hao wote waliziacha nyuma timu za U18 mapema kuliko wenzao.

Ligi hizo zina kombe lao, Memorial Cup, lililoanzishwa 1919 kwa kumbukumbu ya wanajeshi wa Kanada waliouawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukimwuliza Mkanada wa kawaida kuhusu kombe la vijana, yamkini atataja hili. Nalo lina kizungumkuti chake. Wachezaji wa miaka 20 wanaruhusiwa watatu tu kwa timu, vijeba kwa mujibu wa sheria. Na kwa kuwa ligi hizi zina klabu chache zilizoko Marekani, kombe la vijana wa Kanada limewahi kuvuka mpaka: Portland walilichukua 1983 na 1998, Spokane 1991 na 2008, na Saginaw ya Michigan 2024 wakiwa wenyeji.

Kwa hiyo Kombe la TELUS limebaki kwa nani? Kwa wale wa miaka 15 ambao hawajafika umri wa kuondoka, wale wa 16 na 17 ambao hawakuteuliwa au waliteuliwa na kuambiwa wasubiri, na, kwa miaka mingi, wale waliokataa kwa makusudi. Kundi hilo la mwisho ndilo lenye hadithi. Vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vikihesabu ligi zile tatu kuwa za kulipwa, kwa hiyo mvulana aliyevaa jezi yao alikuwa amefunga mlango wa kucheza hoki ya chuo Marekani. Mtoto wa miaka 15 na wazazi wake walilazimika kuamua, mezani jikoni, jambo ambalo wengi wetu hatukuweza kuliamua tukiwa na 20. Novemba 2024 sheria hiyo ilifutwa, na kuanzia msimu wa 2025-26 mlango uko wazi. Mimi naona wanaokawia kwenye U18 watapungua, maana sababu moja kubwa ya kukawia imekwisha.

Mfano unaoonyesha jinsi neno "mji" linavyoweza kudanganya ni Wilcox, Saskatchewan. Ni kijiji cha watu mia chache, tambarare pande zote, na bado Notre Dame Hounds wa Wilcox wamekuwa mabingwa wa taifa zaidi ya mara moja, 2018 ikiwemo. Siri yake ni bweni. Shule ya Notre Dame huchukua vijana kutoka kona zote. Brad Richards alitoka Murray Harbour, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Prince Edward, na Vincent Lecavalier alitoka upande wa Montreal. Wakakutana hapo tambarare, wakacheza pamoja Rimouski, na 2004 wakabeba pamoja Stanley Cup, kombe kubwa la hoki ya kulipwa, na Tampa Bay Lightning. Tisdale na Wilcox ziko jimbo moja na ni vijiji vyote viwili kwa macho ya mtu wa Toronto, ila moja ni mji na watoto wake, nyingine ni shule na watoto wa watu.

Wasichana

Hapa niruhusiwe kutoa maoni ambayo wapenzi wa Kombe la TELUS hawatayafurahia. Kama unatafuta mashindano yanayolikaribia zaidi lile wazo la "bora wa taifa", tazama Esso Cup, kombe la wasichana chini ya miaka 18. Lilianza 2009 jijini Calgary, miaka 35 baada ya la wavulana, na mpangilio wake unafanana: kanda na mwenyeji. Tofauti kubwa ni kwamba hakuna ligi inayomnyakua msichana wa miaka 16 kumpeleka mji mwingine. Wapo wanaokwenda shule za bweni, lakini hakuna ule mnada. Wanaobaki U18 hubaki kwa sababu hapo ndipo pa kucheza, kabla ya vyuo vikuu vya Kanada au Marekani, na sasa, tangu Januari 2024, ligi ya kulipwa ya wanawake mbele yao. Kuvaana kwa mabega hakuruhusiwi, kwa hiyo kuteleza na kupasiana ndiko kunakoamua.

Barafu na mkoba

Gharama nisiitaje kwa kirefu, inaudhi. Viatu vya kuteleza, magongo, kofia, kinga za magoti na mabega, na kila mwaka mtoto amekua; kipa ndiyo balaa kabisa. Uwanja hukodishwa kwa saa, na saa za watoto mara nyingi ni zile za alfajiri ambazo hakuna anayezitaka. Msimu wa AAA hugharimu familia maelfu ya dola kabla hujahesabu hoteli na mafuta. Ndiyo maana 2022 hasira zilipanda sana ilipofichuka kwamba Hockey Canada ilikuwa na mfuko, uliotunishwa kwa sehemu na ada za usajili wa watoto, uliotumika kulipia madai ya unyanyasaji wa kingono. Wadhamini walijiondoa kwenye programu za wanaume, TELUS na Tim Hortons wakiwemo, na kufikia Oktoba mwaka huo mkurugenzi mkuu na bodi nzima walikuwa wameondoka. Kwa mzazi aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kumpeleka mwanawe mazoezini, lile halikuwa jambo la wakubwa wa mbali. Ilikuwa ada yake.

Crosby mwenyewe alikulia Cole Harbour, Nova Scotia, akipiga visahani kwenye mashine ya kukaushia nguo iliyokuwa chini ya nyumba yao. Mashine ile, imebonyea kila upande, baadaye ikawekwa kwenye maonyesho ya michezo ya jimbo. Uwanja wa chini ya nyumba haukodishwi kwa saa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye barafu, kuna uzi unaotoka Cole Harbour hadi Barabara ya Mombasa, Nairobi. Hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu 2005, mdogo kuliko wa kanuni, na hapo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Shida yao kubwa haikuwa ubaridi, ilikuwa upweke: hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada kwa tangazo lake, na walipokuwa wanajiandaa kwa mechi waliingia wachezaji wawili wa kuwaongezea nguvu: Nathan MacKinnon na Sidney Crosby, wote wawili wa Cole Harbour, wote wawili waliopitia lile bweni la Minnesota. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la hoki la dunia.

Jinsi ya kulitazama

Ndugu zetu walio Edmonton, Winnipeg au Moncton hawana haja ya kusubiri televisheni. Mashindano haya huzunguka, na mara nyingi huangukia miji midogo. Mwaka 2023 mwenyeji alikuwa Quispamsis, mji mdogo wa New Brunswick, na Gaulois wa Saint-Hyacinthe, Quebec, wakaondoka na dhahabu. Viti viko karibu na barafu kiasi kwamba utasikia kipa akiwafokea mabeki wake.

Kabla ya mechi kuanza chukua orodha ya wachezaji, uache majina, uende kwenye safu ya mwaka wa kuzaliwa. Kwa mashindano ya 2023 zingekuwa tarakimu tatu: 05, 06, 07. Wenye 05 ndio wengi na ndio wanaoibeba timu, kwa wengi wao hii ni wiki ya mwisho ya hoki ya utotoni, na ndio utakaowaona wakilia fainali ikiisha, washindi kwa washindwa. Wenye 07 ni wachache, mmoja au wawili kwa timu. Watazame wanavyopewa dakika nyingi kuliko umri wao unavyoruhusu, kisha geuka uangalie jukwaani juu, nyuma ya goli, wale wasaka vipaji wenye daftari na vikombe vya kahawa wasioshangilia bao la upande wowote. Wanamtazama huyohuyo, na timu iliyomteua tayari imeshampangia familia ya kumlea.